Ukipata safari ya Kaskazini ya Uingereza, usiishie uwanjani

Kila mwaka orodha ya waliopata nafasi ya kubadilishana wanafunzi ikishabandikwa tu, ushauri unaanza kumiminika. Aliyepangiwa Manchester anaambiwa asithubutu kurudi bila picha ya Old Trafford. Aliyepangiwa Liverpool anatajiwa Anfield mpaka anachoka. Aliyepangiwa Leeds, Sheffield au Newcastle anapewa pole, kisha anafarijiwa kwamba treni za London zipo nyingi. Baada ya hapo ndugu nao wanatuma oda: viatu, manukato, simu, jezi. Mimi nimekaa Leeds muhula mmoja, nimezunguka miji ya jirani kila mfuko uliporuhusu, na naandika hapa kuupinga ushauri huo karibu wote. Unamla mwanafunzi hela, halafu unamrudisha nyumbani hajui alikuwa wapi.

Nianze na jina, maana hata hilo linatuchanganya. Kwa Kiswahili tukisema Uingereza tunabeba kila kitu, pamoja na Uskochi alikosoma Mwalimu Nyerere, pale Edinburgh. Waskochi hawapendi kabisa. Mimi nazungumzia England yenyewe, upande wa kaskazini: Liverpool na Manchester magharibi; Leeds, Bradford, Sheffield na York kule Yorkshire; na Newcastle juu, karibu na mpaka. Ni miji iliyokaribiana kuliko tunavyodhani. Leeds hadi York kwa treni ni kama dakika 25. Leeds hadi Manchester ni kama saa moja, na Manchester hadi Liverpool kwa treni ya haraka haifiki saa. Kwa mtu aliyezoea foleni ya Mbagala asubuhi, huko ni kwenda mtaa wa pili na kurudi.

Sasa hela. Kutembezwa Old Trafford siku ambayo hata mechi haipo ni zaidi ya pauni 20. Piga hesabu kwa shilingi, unapita elfu 60, kwa kuonyeshwa viti vitupu na chumba cha kubadilishia nguo. Sipingi mpira, na mimi mwenyewe ni wa Jangwani na nimelia uwanjani zaidi ya mara moja. Lakini mtu anayehesabu bumu lake kwa vidole akitoa elfu 60 pale, halafu apite mbele ya makumbusho ya taifa yasiyo na kiingilio bila kugeuza shingo, hapo ndipo ninapokwazika. Tangu Desemba 2001 makumbusho ya taifa ya Uingereza hayatozi kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu. Kwa upande wa kaskazini hiyo maana yake ni makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester, makumbusho ya Liverpool, makumbusho ya reli ya York, ya silaha Leeds, na ya sayansi na vyombo vya habari Bradford. Unaingia bila kuulizwa pasipoti. Kuna boksi la mchango mlangoni, na ukipita bila kutia kitu hakuna anayekufukuza. Na usijione mwizi. Koti ulilonunua dukani lina kodi ya asilimia 20 ndani ya bei yake, na ule utaratibu wa kumrudishia mgeni kodi hiyo anapoondoka ulifutwa huko tangu mwanzo wa 2021. Ulishachangia.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalisikia kantini: makumbusho ni mambo ya wazee na watoto wa shule. Basi nichukue Manchester, mji ambao sisi tunaujua kwa timu mbili, nionyeshe ninachomaanisha.

Wote tuliosoma Historia sekondari tulikariri Mapinduzi ya Viwanda. Spinning Jenny, Water Frame, Mule, andika tarehe, andika umuhimu, funga daftari. Mimi nimeyafundisha hayo hayo wakati wa mazoezi ya kufundisha, darasa la watoto zaidi ya 70, kwa chaki na ubao. Hargreaves, Arkwright na Crompton, wale watatu wa kwenye madesa yetu, wote walitokea Lancashire, mkoa unaouzunguka mji huo huo wa Manchester. Pale makumbusho ya sayansi na viwanda kuna ukumbi wa nguo wenye mitambo ya kusokota na kufuma, na wafanyakazi wa makumbusho huiwasha mbele ya wageni. Ule mlio ukishausikia, unaelewa kwa nini wafanyakazi wa viwandani walikuwa wanasomana midomo. Hakuna desa lililowahi kuniambia hivyo. Na eneo lenyewe la makumbusho ndiko kilikokuwa kituo cha reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa Septemba 1830. Reli ile ilibeba pamba kutoka bandarini kwenda viwandani, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ilikuwa imechumwa na watumwa wa Marekani.

Ukitoka hapo kwa miguu utafika uwanja wa Lincoln, penye sanamu ya Abraham Lincoln. Anafanya nini Manchester? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba kuanzia 1861, viwanda vya Lancashire vilifungwa na watu wakalala njaa. Hata hivyo wafanyakazi wa Manchester walikutana wakatangaza kuunga mkono upande unaopinga utumwa, na Lincoln akawaandikia barua ya shukrani Januari 1863. Sehemu ya barua hiyo imechongwa chini ya sanamu. Msiniambie wote walikuwa malaika. Wafanyabiashara wengi wa Liverpool, jirani tu hapo, walikuwa upande wa wenye watumwa, na hata miongoni mwa wafanyakazi wapo waliotaka pamba irudi kwa namna yoyote ile. Njaa ya pamba ile iliwafundisha wenye viwanda kutotegemea shamba moja. Mwaka 1902 ikaundwa, Manchester hapo hapo, jumuiya ya kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni, na Uganda ikawa moja ya sehemu ilikopeleka mbegu. Yaani ile mada ya uchumi wa kikoloni tunayoifundisha kidato cha tatu, nusu yake ya pili iko mitaa mitatu kutoka stendi ya treni, na sisi tunaipita tukikimbilia basi la Trafford Centre.

Halafu kuna ukuta mmoja ambao natamani kila Mwafrika anayefika mji ule auone. Uko mtaa wa Cavendish, eneo la All Saints, kando ya barabara ya Oxford. Zamani lilikuwa jengo la manispaa ya Chorlton-on-Medlock. Leo uso wake umebaki na nyuma yake ni chuo kikuu. Humo ndimo ulimofanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika, tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945. Kwame Nkrumah alikuwamo. Jomo Kenyatta alikuwamo, na Hastings Banda, na George Padmore, na mzee W.E.B. Du Bois. Wajumbe karibu 90, wengi wao hawana cheo chochote wakati ule, wamekaa katika mji wenye masizi uliotoka kupigwa mabomu, wakidai uhuru wa nchi ambazo nyingi zilikuwa bado hazina hata chama cha siasa. Kuna kibao chekundu ukutani. Ndicho kilichopo, kibao tu. Nilisimama pale robo saa nzima, wanafunzi wa chuo wakinipita na vikombe vya kahawa, na sikuona hata mmoja aliyeinua macho. Siwalaumu, si historia yao ya kwanza. Ila yetu ni ya kwanza, na kwenye orodha zote za "usikose Manchester" nilizotumiwa na waliotangulia, ukuta huo haukuwamo.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na orodha hizo unapokuwa mkubwa. Zimegawanywa: pa kutembelea, pa kula, pa kununua, pa kulala. Kana kwamba ukienda kula umefunga historia, na ukienda kwenye historia umefunga tumbo. Mkutano ule wa 1945 ulisaidiwa kugharimiwa na migahawa. Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana, alikuwa na migahawa eneo hilo la barabara ya Oxford, na sehemu ya faida yake ilikwenda kwenye harakati. (Alimalizia maisha yake Kenya, kwa taarifa yako.) Ukitoka pale kwenye kibao, panda basi lolote linaloelekea kusini. Dakika chache tu uko Rusholme, kwenye kipande cha barabara wanachokiita Curry Mile. Jina limetoka kwa migahawa ya Wapakistani, Wahindi na Wabangladeshi. Siku hizi Waarabu, Waafghani na Wakurdi nao wamefungua. Pilau, mishikaki, mkate wa moto kutoka tanuri, chai ya maziwa iliyoungwa. Nyama halali imejaa, huna haja ya kuuliza kila mlango. Kwa chini ya pauni 10 unashiba mpaka kesho. Mtu wa Pwani atajiona kama yuko Kariakoo usiku, isipokuwa baridi.

Liverpool nako kuna mtaa wa aina hiyo, ila una mwiba. Unaitwa Bold Street. Ni mtaa mzuri wa kula kuliko wote niliouona kaskazini: Waturuki, Wagiriki, Wahindi, maduka ya vitabu, mikahawa ya wanafunzi, na kwa juu kanisa lililopigwa bomu mwaka 1941 likaachwa bila paa hadi leo. Jina la mtaa limetokana na Jonas Bold, mfanyabiashara wa watumwa. Mji wote ndivyo ulivyo. Inakadiriwa meli zilizotoka Liverpool zilibeba Waafrika milioni moja na nusu hivi kuvuka Atlantiki. Kwenye ukanda wa jengo la manispaa, juu kabisa, wamechonga sura ya Mwafrika katikati ya ndovu na bidhaa nyingine zilizowatajirisha. Baraza la mji liliomba radhi rasmi mwaka 1999, na Agosti 2007 likafunguliwa Jumba la Kimataifa la Utumwa pale Albert Dock. Ushauri wa bure kwa anayeondoka mwaka huu: jumba hilo limefungwa kwa ukarabati mkubwa tangu mwanzoni mwa 2025, na mpango wao ni kulifungua tena 2028. Usije ukasimama mlangoni na begi lako. Lakini huhitaji jumba. Shika daftari, tembea, soma majina ya mitaa.

Hapa lazima niseme kitu kama mwalimu mtarajiwa. Wenzangu kadhaa waliorudi kutoka Liverpool wanasimulia kana kwamba waliona "upande wa pili" wa soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar. Hapana. Biashara ya Liverpool ilikuwa ya Atlantiki, watu wengi wakichukuliwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati kupelekwa Karibiani na Amerika, na Waingereza wenyewe waliipiga marufuku kwa sheria ya 1807. Soko la Zanzibar liliendelea mpaka 1873, na njia zake zilikuwa za Bahari ya Hindi, pamoja na mashamba ya karafuu hapo hapo visiwani. Ukizichanganya hizo mbili mbele ya darasa, umeharibu zote mbili, na watoto watakuja kuziandika hivyo hivyo kwenye mtihani wa taifa. Uzuri wa kufika Liverpool ni kwamba tofauti hiyo unaiona kwa macho: bandari inatazama magharibi.

Jambo jingine la Liverpool linalotuhusu. Bandari yake ya kihistoria iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004, ikaondolewa 2021 kwa sababu ya majengo mapya, ukiwamo uwanja mpya wa Everton uliojengwa ndani ya gati la zamani. Wenyeji niliozungumza nao wamegawanyika. Kuna wanaoona aibu, na kuna wanaosema bora ajira kuliko kibao cha UNESCO. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha hiyo tangu 2000. Yeyote anayetaka kubishana kuhusu majengo ya Mji Mkongwe angefanya vizuri kwenda kukaa siku mbili Liverpool kwanza, asikie pande zote.

Kwa Waislamu wenzangu, au hata kwa asiye Mwislamu: pandeni basi mpaka Brougham Terrace. Wakili mmoja wa mji ule, Abdullah Quilliam, alisilimu akafungua hapo msikiti mwaka 1889, wa kwanza England. Bado watu wanaswali humo. Wakristo nao wana mtaa wa Hope, wenye kanisa kuu la Anglikana upande mmoja na la Katoliki upande wa pili. La Anglikana lilichorwa na msanifu majengo Mkatoliki. Yote mawili unaingia bure. Chakula cha mji kinaitwa scouse, mchuzi wa nyama, viazi, karoti na vitunguu, na wenyeji wenyewe wanaitwa hivyo hivyo kwa jina la chakula chao. Wanaokosa hela ya nyama huipika bila nyama, wanasema ni scouse kipofu. Mama yeyote wa Kitanzania angekipika kwa macho yaliyofumbwa, akaongeza pilipili, kikawa bora. Beatles wapo kila kona, huwezi kuwakosa hata ukitaka, kwa hiyo sina la kuongeza.

Leeds ni mji wangu kwa hiyo nitapendelea. Hauna picha moja maarufu ya kupostia, na ndiyo maana watu wanakupa pole. Una soko. Kirkgate Market ni soko la ndani, kubwa, lenye paa la vioo na vyuma, na humo nilikula na kununua mahitaji karibu muhula mzima. Kuna samaki, kuna nyama, kuna vibanda vya Waafrika na Wakaribiani vyenye ndizi za kupika na viazi vikuu, kuna fundi cherehani, kuna mama anayekuita "love" hata kama umenunua kitunguu kimoja. Mwaka 1884 mhamiaji Myahudi kutoka dola ya Urusi, Michael Marks, alikuwa na meza katika soko la Leeds akiuza kila kitu kwa peni moja. Machinga wetu wa "kila kitu buku" wangemwelewa mara moja. Meza ile ndiyo iliyokuja kuwa Marks & Spencer.

Leeds pia ina daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Aire lililofunguliwa 2023, linaitwa David Oluwale. Oluwale alitoka Lagos mwaka 1949 kwa kujificha melini. Aliishia kulala mitaani, akaandamwa na polisi kwa miaka, na mwaka 1969 mwili wake ukaopolewa mtoni humo. Askari wawili walifungwa 1971 kwa kumshambulia. La kuua bila kukusudia wakaachiwa. Kibao chake cha kwanza cha kumbukumbu, kilichowekwa 2022, kiliibiwa ndani ya saa chache, wakaweka kingine. Nilikuwa navuka daraja hilo mara kwa mara. Yeyote anayedhani Ulaya ni mahali pa kufika na kutoboa tu, aanzie hapo. Na aliye huko mwishoni mwa Agosti aende Chapeltown kwenye kanivali ya Wakaribiani, iliyoanza 1967. Hakuna tiketi, ni barabarani, na ngoma utaisikia kutoka mbali.

York nitaupita haraka. Ni mzuri, kuta zake za zamani unazitembelea bure mzunguko wa kilomita tatu na ushee, makumbusho ya reli ni ya kutumia nusu siku. Vichochoro vya Shambles vimejaa watalii na maduka ya fimbo za uchawi. Kila kitu ghali, hasa kulala. Nenda asubuhi, rudi jioni. Sheffield sikukaa vya kutosha kuwa na maoni. Bradford wengi wanauponda, na mimi nasema mchuzi wake wa kuku unauzidi wa Rusholme. Wanaobisha waende wakaonje.

Newcastle ni mbali kidogo lakini nisingeuacha. Kiingereza chao utadhani si Kiingereza, usijilaumu na ile bendi yako ya IELTS. Familia ya Wakweka ya mji huo, akina Richardson, ndiyo iliyochangisha fedha mwaka 1846 za kununua uhuru wa Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka Marekani na ambaye kisheria alikuwa bado mali ya mtu. Novemba 1967 chuo kikuu cha mji huo kilimtunuku Martin Luther King shahada ya heshima, naye akaenda mwenyewe kuipokea, miezi michache kabla ya kuuawa. Chakula: mkate wa duara unaoitwa stottie. Uliza kilichomo, kwa kawaida ni nyama ya nguruwe. Wenye jibini wapo. Uule ndani ya Grainger Market, soko la 1835, ambamo bado kuna kiduka kidogo cha yule yule Marks wa peni moja.

Sasa oda za ndugu, maana najua hili ndilo linaloumiza. Kurudi mikono mitupu kwetu haiwezekani, na sitajifanya nimeshinda vita hiyo. Shangazi yangu alitaka jezi ya Liverpool, ile halisi, ambayo bei yake ni zaidi ya pauni 60. Alipata skafu. Kwa mengine, achana na maduka makubwa. Kila mtaa una maduka ya hisani, yanayouza nguo zilizotolewa na watu ili kuchangia hospitali, wazee, watoto. Koti langu la msimu wa baridi nilinunua Headingley kwa pauni 12, la sufi. Wakati nalijaribu nilicheka peke yangu, kwa sababu zile ambazo maduka hayo yanashindwa kuuza ndizo zinazofungwa marobota, na baadhi zinakuja kushuka kwetu kama mitumba. Karume na Headingley ni soko moja, tofauti ni nani anachagua kwanza. Kumbuka tu kwamba Jumapili maduka makubwa ya England yanaruhusiwa kufungua saa sita tu, kwa hiyo usipange kununua zawadi Jumapili usiku na ndege ni Jumatatu.

Kulala: chagua mji mmoja, weka begi, zungukia mingine. Hosteli za vijana za YHA zipo Manchester, Liverpool na York, na baadhi ya vyuo hukodisha vyumba vya mabweni likizo ya kiangazi. Wikiendi yenye mechi kubwa bei zinapanda maradufu, angalia ratiba ya ligi kabla ya kulipia. Kadi ya treni ya miaka 16 hadi 25 inapunguza theluthi ya nauli na haibagui uraia. Ila siku za kazi kabla ya saa nne asubuhi ina kima cha chini cha nauli, isipokuwa Julai na Agosti, kwa hiyo mwanafunzi mwenye akili hulala kidogo.

Rafiki yangu wa uhandisi, dada mmoja makini sana, aliposoma rasimu hii alinijibu hivi: mtu amesota miaka mitatu, amepata miezi minne ya kupumua, mwache apige picha uwanjani, si kila safari lazima iwe kipindi. Nakubali nusu. Furaha haihitaji kibali changu. Nisichokubali ni kuiita furaha wakati mtu anafuata orodha aliyopewa na mwingine, aliyepewa na mwingine. Na sisi wa Elimu hatuna ruhusa hiyo kabisa. Miaka miwili ijayo mmoja wetu atasimama mbele ya kidato cha tatu na kusema neno "Lancashire". Watoto watamuuliza ni wapi, na kukoje.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi. Semina ya kuwaaga wanaosafiri ipo mwezi ujao. Ya mwaka jana sehemu kubwa ilikuwa bei za simu na namna ya kupanga begi lisizidi kilo. Mwaka huu naomba dakika 20. Nitaleta ramani tatu, Manchester, Liverpool na Leeds, zenye alama kwa kalamu nyekundu, na nitawagawia nakala kwa gharama ya fotokopi. Aliyekaa Newcastle au Sheffield muda mrefu kuliko mimi aje na yake.